Tumbo la Amoit Halikandwi

Wasichana, mnanichosha. Naanza na hilo ili msiseme baadaye kwamba nilikuwa mpole halafu nikawageuka. Juzi tu mmoja wenu ameshushwa na boda hapa kwangu, nje kidogo ya Busia, tumbo mbele kama gunia la mtama. Akavua viatu, akajilaza kwenye mkeka wangu hata kabla ya kunisalimia. Anataka nimkande. Nikamwambia kukanda niliacha zamani. Akacheka, akasema, bibi, unaringa. Nikamuuliza kama tumbo hilo limewahi kupasuliwa. Hapana, halijawahi. Basi funua nione. Akaanza kuangalia ukuta.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule nilitoka darasa la tatu, kwa hivyo mkikuta herufi imelala, iinueni wenyewe muendelee kusoma.

Kazi yangu ilikuwa mikono. Nilikuwa mkunga wa kijiji, na kazi hiyo nilifundishwa na shangazi yangu Akisa, aliyezalisha nusu ya watu mnaowaona wakigombana sokoni Adungosi. Maneno hakuwa nayo mengi. Alichukua mkono wangu, akaulaza juu ya tumbo la mtu, akaniambia nyamaza. Mama awe ameshakojoa, magoti ameyakunja. Wewe usugue viganja mpaka vipate moto, upake samli kidogo, si kama unakaanga viazi. Kichwa cha mtoto ni kigumu, ukikisukuma polepole kinadunda. Matako ni laini, ukiyasukuma mwili mzima unafuata. Mgongo uko kama ubao. Vile vinundu vinavyokimbia ni mikono na miguu. Na kama hujui umeshika nini, ondoa mkono, kanywe chai, urudi baadaye.

Shangazi mwenyewe siku moja alisahau kwenda kunywa chai. Ilikuwa boma moja karibu na barabara ya Malaba. Akashika tumbo, akapata kichwa huku na kichwa kule, akatangaza mapacha. Kwetu sisi Wateso mapacha si jambo la kunong'onezana. Pombe ikawekwa, ngoma ikatafutwa, akina mama wakaanza zile nyimbo za mapacha ambazo siwezi kuziandika hapa kwa sababu kuna watoto wanasoma. Akazaliwa mtoto mmoja. Watu wakangoja. Wakaimba tena, pengine wa pili anataka kubembelezwa. Mama mkwe wa boma akainama kabisa kuchungulia chini ya kitanda, kama vile mtoto wa pili ni kuku aliyejificha huko. Hakuna. Kile kichwa cha pili kilikuwa uvimbe wa kizazi, hiki ambacho nyinyi mnaita faibroidi. Wakati ule tuliuita jiwe la tumbo. Shangazi alirudi nyumbani kwa njia ya mtoni asikutane na watu. Toka siku hiyo akishika kitu kigumu cha mviringo alikingoja kwanza, na neno lake lilikuwa moja: kisichopiga teke si mjukuu.

Baadaye yakaja mambo mapya. Kituo cha afya kilileta nesi anaitwa Sista Nafula, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Akatuita wakunga wote wa vijiji, akatuambia tuache kuzalisha. Kazi yetu sasa ni kuwaleta akina mama kwake, kuwashika mkono, kuwapangusa jasho, na kunyamaza. Tulinung'unika. Tulisema anataka sabuni na sukari ambazo watu hutupa sisi. Lakini nilikaa naye nikaona. Nikaona mama anatoka damu, akawekewa dripu, akaamka akauliza chakula. Mwanamke kama huyo, mikononi mwetu, tungekuwa tunamtafutia mahali pa kuchimba. Nikaacha kukanda. Si kwamba sikujua kazi. Niliijua. Lakini Sista alinifundisha kwamba kabla ya kumgusa mtu kuna swali moja, nalo ni hili: tumbo hili lilishawahi kukatwa? Mikono yangu yote niliyoisifu haikuwa na njia ya kujua hilo. Mpaka mtu aseme.

Na hapo ndipo mnaponimaliza, kwa sababu hamsemi.

Sasa sikilizeni habari ya Amoit, mjukuu wangu niliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Anauza nguo za mitumba Malaba, na mume wake, Emojong, anaziba matairi ya malori pale pale mpakani. Kijana mzuri, mimi humwita bwanangu, naye huniletea sukari. Walipooana Amoit akaanza kutoka damu kila mwezi kama amechinjwa. Mimba mbili zikatoka. Watu wakaanza ushauri wao. Huyu anasema ni pepo, yule anasema ni laana ya upande wa mama yake, mwingine anajua mzee ng'ambo ya Uganda mwenye mizizi. Emojong akachoka, akampeleka skani. Uvimbe mahali patatu, mmoja umejikita ndani kabisa ya ukuta wa kizazi. Wakatumwa hospitali kubwa ya mbali, nami nikaenda nao, maana mgonjwa bila mtu wake anakula nini?

Daktari akasema atatoa uvimbe tu, kizazi kibaki. Na hapasui tumbo lote. Anatoboa matundu madogo, anaingiza kamera na vyuma vyembamba. Nikamwuliza, daktari, kitu kikubwa kama embe kitapita wapi kwenye tundu la kifungo? Akasema kinakatwakatwa huko ndani, kinatolewa vipande. Nikamwuliza tena, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Baadaye nilipomwona Amoit anatembea kwenda chooni mwenyewe, na tumboni ana alama ndogo tu kama amedonolewa na kuku, nikasema, hiyo ndiyo operesheni? Nilizoea kuona mtu ameshonwa kama gunia la pamba.

Daktari akatukalisha wote watatu. Akasema, msidanganywe na ngozi. Nje ni padogo, lakini ndani kizazi kimekatwa kikashonwa tabaka kwa tabaka. Mngoje miezi kadhaa pa ndani papone kabla ya kutafuta mtoto. Mimba ikishika, njooni kliniki mapema, na popote mtakapokwenda semeni mlifanyiwa hivi. Na kwa Amoit, kwa vile alivyokatwa kwa kina, uchungu usingojwe. Mtoto atatolewa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Nikamwuliza kama ni kila mwanamke. Akasema hapana, kuna wengine uvimbe ulining'inia nje tu, hao wanaweza kuzaa njia ya kawaida. Anayejua ni yule aliyekukata, kwa hivyo ukamuulize yeye. Si jirani. Si mimi. Si yule wa kwenye simu anayeuza chai ya kusafisha kizazi.

Maneno mazuri, tumeelewa. Tukafika nje, Amoit akanishika kitambaa. Tata, akasema, maana hivyo ndivyo Wateso tunavyomwita bibi, tafadhali Mama Emojong asijue. Mama Emojong ni mama mkwe wake, anakaa Adungosi. Amoit alisema huko wakisikia tu umepasuliwa kizazi, kesho wanaambiana umebaki ganda, na keshokutwa mume ameshatafutiwa mwingine. Nikamtazama Emojong nikidhani atakataa. Akaangalia viatu vyake. Basi mama mkwe akaambiwa Amoit alikwenda Kisumu kuchukua nguo za kuuza. Nami nikafungwa mdomo, mimi ambaye mdomo ndio umenilisha. Nilinyamaza kwa hasira. Mnajua hasira ya mtu aliyenyamaza? Inavimbisha miguu.

Wakangoja ile miezi. Mimba ikashika, na hii haikutoka. Ikapita ile miezi ambayo zile mbili zilitoka, ikaendelea. Kliniki aliambiwa kila kitu kiko sawa, siku ya upasuaji ikawekwa, aende hata kama hasikii chochote. Nikaanza kulala.

Halafu asubuhi moja nikaona pikipiki mbili zinaingia kwangu. Ya kwanza imembeba Amoit, amekaa upande kama mfungwa. Ya pili imembeba Mama Emojong. Ni mwanamke mrefu, anatembea kama anayekwenda kukagua shamba lake. Ana kopo la samli kwapani na chupa ya soda mkononi, ndani maji ya rangi ya kutu. Alimpitia Amoit huko Malaba, akamwambia twende kwa bibi yako mara moja.

"Mama," akaniambia, "mtoto amelala njia panda. Wewe mnyooshe, mikono yako inajulikana. Akishakaa sawa namchukua Adungosi. Wa boma letu wote wamezaliwa pale, na huyu wa kwanza hawezi kuzaliwa kama mgeni."

Nikasema mikono inaniuma.

"Inauma, lakini Jumamosi nilikuona matangani ukisonga ugali wa watu wote."

Nikasema pia niliapa kwa Sista. Akasema hata Sista alizaliwa kwa mkunga. Kila mlango niliojaribu kutokea alikuwa ameshasimama hapo. Nikamtazama Amoit. Nilimwambia kwa macho, sema. Mtoto uliyemlea mwenyewe anayajua macho yako. Akayafumba yake.

Mama Emojong akachoka kuningoja. Akasema kama fundi amezeeka, yeye si kiwete, atakanda mwenyewe. Akamlaza Amoit kwenye mkeka wangu, akasugua viganja, akafunua gauni, akachota samli. Mkono ukashuka, halafu ukasimama juu. Akainama. Akaweka ukucha kwenye alama moja, akatafuta ya pili, akatafuta ya tatu karibu na kitovu. Akasema polepole kabisa, "Hizi ni chale."

Nyinyi wa mjini pengine hamzijui chale. Ni mikato midogo ambayo mganga humchanja mtu kwa wembe, halafu anasugulia dawa. Mwanamke akionekana nazo tumboni, na hajazisema, watu hawafikirii jambo zuri. Mama Emojong akaanza. Ni mganga yupi. Ni dawa gani aliyomwekea mwanawe. Kumbe ndiyo maana Emojong haji nyumbani Jumapili. Kumbe ndiyo maana alimnunulia huyu sofa, na mama yake anakalia kiti cha mbao. Ile ya sofa ilikaribia kunichekesha.

Amoit akafungua mdomo. Nikasema moyoni, asante Mungu, sasa anasema. Akasema, "Ni za zamani tu, mama."

Nusura nimpige. Mjukuu wangu ameona afadhali aitwe mteja wa mchawi kuliko kusema alitibiwa hospitali. Hebu niambieni, aibu ya namna hiyo mnainunua duka gani? Mwanamke amebeba mtoto aliyemlilia, amelala chini na tumbo lililoshonwa, na bado anahesabu watu watasema nini.

Mama Emojong akashusha gauni. Akasema kama ni dawa iliwekwa, basi itatoka. Akaifungua ile chupa. Alikuwa ameitoa ng'ambo, ya kuharakisha uchungu, akasema inasafisha kila kitu. Ile dawa naijua, nimeona inavyolifinya tumbo kama nguo inayokamuliwa. Akampelekea Amoit mdomoni. Mimi sikuwa na hotuba. Nikamnyang'anya chupa, nikaiweka kwenye kigoda, nikaikalia. Yeye ana nguvu, lakini mimi ni mzito. Pale pale juu ya chupa nikampigia Emojong simu nikamwambia, bwanangu, acha tairi uje, mke wako ananyweshwa dawa ya uchungu.

Alikuja na mikono bado ina grisi. Mama yake akamwuliza kama alijua mke wake ana chale. Emojong akaanza, mama, unajua, akakwama. Akaangalia viatu tena. Nikamwambia, wewe kutwa unabishana na madereva wa malori wenye hasira, na mama aliyekuzaa unamwogopa? Basi akakaa chini, karibu na miguu ya mama yake.

"Mama, lori linaingia kwangu limechomwa na msumari. Nje naona katundu, hata njiti ya kiberiti haipiti. Dereva ananiambia ni kadogo, jaza upepo twende. Nikitoa tyubu nakuta ndani imechanika hivi." Akapima kwa vidole vyake vyeusi. "Naziba vizuri, inatembea. Lakini siwezi kuijaza upepo halafu niigonge na nyundo. Amoit alikuwa na uvimbe. Daktari aliutoa kwa hayo matundu, ndani akamshona. Si chale. Ukimkanda kwa nguvu, au akinywa hiyo ambayo tata ameikalia, pa ndani panaweza kufumuka. Nitazika wawili."

Mama Emojong aliangalia mkono wake wenye samli, akaupangusa kwenye mguu wake mwenyewe, polepole, mpaka ukakauka.

"Nani alijua?"

"Mimi, na Amoit, na tata."

"Kwa hivyo ni mimi tu niliyeachwa nje."

Nilifikiri sasa atatuvunjia nyumba. Lakini akamgeukia Amoit. Akasema, "Mimi nilitoka damu hivyo hivyo baada ya kumzaa huyu. Niliacha kwenda kanisani nikiogopa kuchafua benchi. Nilisema watu wakijua nitaachwa. Mngeniambia mngeona kama ningecheka."

Amoit akalia, nami nikaondoka juu ya chupa kwa sababu ilianza kuniumiza. Niliimwaga nyuma ya choo.

Siku ya hospitali tulikwenda wote. Yule mwanamke tuliyekuwa tunamficha sasa hakuna wa kumnyamazisha. Alimwambia mlinzi wa geti, huyu kizazi chake kilishonwa, asicheleweshwe. Alimwambia anayepiga deki. Alimwambia mzee aliyekuja kung'olewa jino. Manesi watatu walimwomba akae, na kila mmoja alimwambia upya kabla ya kukaa. Amoit akaingizwa thieta anatembea kwa miguu yake, bila uchungu, bila damu. Tulikaa kwenye benchi. Mama Emojong alinishika mkono bila kunitazama, na hakuuachilia mpaka mtoto alipolia.

Msichana. Ana sauti, kama mimi.

Daktari alitoka akatuambia kovu la ndani lilikuwa limeshika, ila mahali pamoja pamekuwa pembamba kama ganda la kitunguu. Akasema anafurahi uchungu haukulijaribu. Kisha akaenda zake. Mama Emojong aliutazama mkono wake wa kulia, ule wa samli, akauficha ndani ya leso.

Likabaki jina. Kwetu bibi huchovya kidole kwenye pombe ya mtama, akakiweka mdomoni mwa mtoto huku akitaja jina. Mtoto akinyonya, amelikubali. Lakini hospitali walisema maziwa ya mama tu, kitu kingine kisipite hapo. Tukabishana, tukakubaliana kidole kichovywe kwenye maziwa ya Amoit. Mama Emojong akaanza, ni haki yake. Akataja jina la mama yake. Mtoto akageuza uso. Akataja jina lake mwenyewe. Mtoto akakunja midomo. Akasema hajasikia vizuri, akarudia. Akarudia tena. Nikamwambia mkwe wangu, mtoto si kiziwi, nipishe. Nikachovya, nikataja Akisa, jina la shangazi yangu wa mapacha. Akakivuta kidole mpaka kikawa cheupe. Mama Emojong mpaka leo anasema mtoto alikuwa na njaa tu wakati huo.

Kopo la samli lilibaki kwangu. Tulimpikia Amoit kunde nalo mpaka likaisha.

Sasa yule wa juzi aliyekuwa anaangalia ukuta. Nilimngoja, na safari hii sikuwa na siri ya mtu ya kuniziba mdomo. Mwishowe akafunua mwenyewe. Alama tatu, ndogo, kama amedonolewa. Nikampigia Mama Emojong, maana siku hizi ananisaidia kugomba, sauti yake inafika mbali kuliko yangu. Akaja na boda, akampeleka kliniki, na njiani nasikia hakunyamaza hata kidogo. Mkeka nimeukunja nikauweka juu ya dari. Ukija kwangu na tumbo utakaa kwenye kiti, na chai sikupi mpaka useme.